Mtoto akiangusha kichwa wakati wa kula, usidhani ni usingizi tu

Msikilizaji, mtoto anakula ugali, mara kichwa kinaanguka mbele, kinainuka, kinaanguka tena. Mmoja atasema anasinzia, mwingine atasema amerogwa. Huenda ni kifafa.

Dk. Louise Jilek-Aall, aliyetibu wagonjwa wa kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, aliwaona watoto wa namna hii tangu miaka ya 1960. Baadaye walionekana pia Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Wengi huanza wakiwa na miaka 5 hadi 15, na kichwa huweza kushuka mara 5 hadi 20 kwa dakika. Vipimo vya umeme wa ubongo vimeonyesha kwamba kule kuinama ni kifafa chenyewe.

Chanzo bado kinachunguzwa, lakini ugonjwa huu umeonekana zaidi penye usubi, yaani ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kula sahani moja, basi mtoto asitengwe.

Wewe mzazi wa Nyansurura ufanye nini? Mbele ya daktari mtoto anaweza kutulia kabisa. Kwa hiyo mrekodi video kwa simu hali inapotokea, kisha uipeleke pamoja naye kituo cha afya. Dawa za kifafa hupunguza hali hiyo; usizikatishe bila kumwuliza daktari. Na usimwache peke yake karibu na moto au mto.