MPANGO WA MABOMBA YA PIPA LA MAJI MOTO LA KUNI

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanaokusudia kujenga nje ya nyumba zao pipa la kupashia maji moto kwa kuni wanashauriwa kuchora njia za mabomba kabla ya kununua hata kiungo kimoja. Maelezo haya yamechukua mfano wa Ifakara, katika Bonde la Kilombero, ambako maji ya kisima hupandishwa kwenye tenki lililo juu ya mnara; lakini kanuni zake ni zilezile Wete au Mkoani.

Chombo chenyewe ni pipa la mafuta la lita 200 lililolazwa juu ya jiko la matofali. Pipa lililowahi kubeba dawa za mashamba lisitumike kabisa. Aidha, kwa kuwa sehemu kubwa ya bonde hufurika wakati wa masika, msingi wa jiko uinuliwe.

Ieleweke kwamba maji yakipata moto hutanuka. Maji ya pipa moja yakitoka nyuzi 20 hadi 80 za Sentigredi huongezeka kwa lita 5 hivi, na lita hizo lazima zipate pa kwenda. Yakigeuka mvuke, lita moja huwa zaidi ya lita 1,600. Kwa sababu hiyo bomba la kupumulia ndilo la kuchorwa kwanza. Huanzia juu kabisa ya pipa, hupanda bila koki wala valvu yoyote hadi kupita usawa wa maji ya tenki kwa nusu mita, kisha hupinda na kuelekeza mdomo chini, mahali pasipopita mtu. Fundi akipendekeza koki hapo ili maji yasipotee, akataliwe kwa heshima.

Kimo cha tenki nacho kina hesabu yake. Kitako cha pipa kina upana wa sentimita 57 hivi, na kila mita moja ya kimo cha maji hukisukuma kwa uzito wa kilo 250 hivi. Tenki likiwa mita 3 juu, kitako hubeba robo tatu ya tani, nalo ni bati jembamba. Basi mnara usizidi mahitaji ya bafu, na pipa lisiunganishwe kamwe moja kwa moja na bomba kuu la mtaa.

Maji baridi huingia chini ya pipa kwa bomba lake pekee kutoka kwenye tenki. Hapa ndipo wengi hukosea: bomba hilo likichangiwa na koki ya jikoni, siku tenki linapokauka koki hiyo huvuta maji ya pipa kurudi nyuma, na moto hubaki ukiunguza bati tupu. Maji ya moto hutolewa juu, ili hata tenki likiisha pipa libaki limejaa.

Mita za kwanza kutoka kwenye pipa ziwe za bomba la chuma. Bomba la kawaida la plastiki hulegea kwa joto. Umbali hadi bafuni uwe mfupi, kwani mita 15 za bomba la robo tatu inchi hushika lita 5 na zaidi, ambazo hupoa kila mara. Bafuni ziwepo koki mbili, ya moto na ya baridi, maana maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache.

Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kungetosha kuni kavu kilo 2 kama joto lisingepotea. Jiko likishika sehemu moja tu kati ya tano, zitahitajika kilo 9. Wakazi wa vijiji vilivyo kando ya Hifadhi ya Udzungwa, ambao walikatazwa kuokota kuni humo mwaka 2011, wanajua thamani ya tofauti hiyo. Pipa lizungushiwe matofali na udongo. Pumba za mpunga, ambazo Ifakara hazikosekani, zinahitaji jiko la namna nyingine.

Kabla ya kuwasha moto mara ya kwanza, koki zote za maji ya moto zifunguliwe hadi maji yatoke bila kukatika, ndipo zifungwe na kiberiti kiwashwe.