Pia ya goti ikivunjika, kwa nini hogo halitoshi?

Daktari anapoieleza familia kwamba goti la mzee wao litapasuliwa na kufungwa waya, swali la kwanza huwa hili: kwa nini asifungwe hogo tu, kama afungwavyo aliyevunjika mkono? Ni swali la haki, na jibu lake limo katika umbile la goti lenyewe.

Pia imeshikwa juu na msuli mkubwa wa paja, na chini na kano inayoshuka hadi kwenye mfupa wa muundi. Msuli ukijikaza huivuta pia, nayo pia huuvuta muundi, mguu ukanyooka. Basi pia ikikatika katikati, kila msuli unapojikaza kipande cha juu hupanda na kukiacha cha chini. Hogo haliwezi kuuzuia mvuto huo ulio ndani, wala mkandaji, awe hodari namna gani. Ndiyo maana daktari humtaka majeruhi ainue mguu ukiwa umenyooka. Akiweza, na picha ikaonyesha kwamba vipande havijaachana, hogo la wiki 4 hadi 6 kwa kawaida hutosha. Asipoweza, aghalabu hupasuliwa.

Upasuaji huu si jambo la jana. Mwaka 1877, jijini London, Joseph Lister aliunga pia kwa waya wa fedha, zama ambazo kulifungua goti kulihofiwa mno kwa sababu ya usaha.

Njia iliyozoeleka leo ni kupenyeza pini mbili nyembamba za chuma kutoka juu hadi chini ya mfupa, kisha kuzungusha waya mbele yake kwa umbo la nambari 8. Hapa ndipo penye ufundi: goti likikunjwa, nguvu ambayo ingeviachanisha vipande hugeuzwa na waya ikawa ya kuvibana. Pengine skrubu zenye tundu hushika nafasi ya pini. Mfupa uliosagika huhitaji bamba. Kuiondoa pia nzima huachwa iwe hatua ya mwisho, kwa kuwa hupunguza nguvu ya mguu.

Kwa hiyo mgonjwa akiagizwa aanze kulikunja goti mapema, jamaa wasimzuie kwa huruma. Goti lisilokunjwa hukakamaa.

Ngozi ya mbele ya goti ni nyembamba, na waya huweza kuchoma mtu apigapo magoti. Wengine hurudi kuutoa mfupa ukishaunga. Sisi tunaosujudu kila siku tuliulize hilo kabla ya upasuaji. Kwa sasa mgonjwa na aswali kitini, ruhusa anayo. Tunawaona wazee wanaojilazimisha kushuka chini wakiona haya mbele ya safu, nasi tunawaomba maimamu wawaeleze waziwazi.

Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au shavu la mguu likivimba na kuuma, mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.