Mishipa ya Jani: Njia Mbili Ndani ya Mshipa Mmoja

Mwanafunzi mwenzangu, hebu ligeuze jani la sukuma wiki ulitazame kwa chini. Waona ule mshipa mnene wa katikati, na ile mingine inayogawanyika pembeni mpaka inakuwa kama wavu wa kuvulia dagaa? Wengi wetu hudhani kazi yake ni kulishikilia jani lisilegee. Kushikilia inashikilia, lakini hiyo ni nusu ya habari. Mimi nusu ya pili niliijua nimeshachelewa.

Kundi letu la Kidato cha Tatu lilikuwa na mistari miwili ya sukuma kwa ajili ya mradi wa Kilimo. Majani yakaanza kujikunja. Tukasema ni kiu, basi! Tukabeba ndoo asubuhi na jioni, na majani yakazidi kujikunja.

Kumbe katika kila mshipa mna njia mbili. Ya juu ni zailemu, iletayo maji na madini kutoka mizizini. Seli zake zimekufa, ndani tupu kama mrija wa soda. Hakuna pampu hapo: jani linapotoa mvuke, huyavuta maji kutoka chini. Ukitaka kuhakikisha, tumbukiza kikonyo cha jani katika maji yenye wino mwekundu, uone mishipa itakavyogeuka rangi.

Njia ya chini ni floemu, nayo i hai. Hii huchukua sukari ambayo jani limeitengeneza kwa mwanga wa jua, ikaipeleka mizizini na kwa majani machanga yasiyoweza bado kujilisha.

Mahindi na migomba haina wavu wa namna hiyo. Mishipa yake mikubwa hulala sambamba, ndiyo sababu upepo huupasua mgomba kwa mistari iliyonyooka, na kila kipande hubaki kibichi kwa kuwa kina mishipa yake.

Turudi shambani. Mwalimu alifika, hakuitazama ndoo, aligeuza jani. Lo! Vidukari wa kijivu wamejaa kando ya mishipa, kila mmoja amechomeka mdomo wake ulio kama sindano katika floemu, anafyonza sukari. Maji yalikuwa yakifika vizuri kabisa. Kilichoibwa ni chakula.

Tuliyaosha majani kwa maji ya sabuni. Mstari mmoja ulipona. Ule mwingine tuling'oa.