Mtanashati, bishoo na sharobaro

Maneno haya matatu humhusu mtu anayejali mavazi na mwonekano wake, lakini si rahisi kuweka moja mahali pa jingine. Mtanashati ni neno la Kiswahili sanifu na ni sifa tupu. Laweza kutajwa hata mbele ya wakwe. Bishoo ni la mitaani nchini Tanzania: humsifu kijana kwa kwenda na wakati, huku likimtania kwamba anaogopa vumbi na kazi za jasho. Sharobaro, lililovuma mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupitia Bongo Fleva na vichekesho, lina kejeli zaidi. “Kaka yako ni mtanashati” hupokewa kwa shukrani. “Kaka yako ni sharobaro” yaweza kuzua ugomvi, isipokuwa baina ya marafiki.

Kisarufi, wingi ni watanashati, lakini mabishoo na masharobaro, kama ilivyo madaktari. Upatanisho hubaki wa viumbe hai: masharobaro wamefika. Nomino dhahania nazo zimekwishazaliwa: ubishoo, usharobaro. Mwandishi wa mazungumzo ya vijana awe mwangalifu, kwani sharobaro limeanza kuchakaa, na mhusika anayelitumia leo hufichua umri wake.