Bima ya Afya kwa Mtu Asiye na Mshahara

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, ulianza na watumishi wa Serikali. Hilo laeleweka, kwani karani hukatwa fedha kabla mshahara haujamfikia mkononi. Lakini mwenye mikarafuu akatwe nini, na lini? Miti yake huzaa sana mwaka mmoja, kisha yaweza kupumzika mwaka au miwili.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye mshahara hutoa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Asiye na mshahara huulizwa habari za nyumba yake, pato lake likakadiriwa, naye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja, isiyopungua shilingi 3,600 za huko. Walioandikishwa ni wengi, wanaolipa ni wachache. Tusiwaite wakaidi.

Ghana wameshika njia nyingine. Kwa mpango ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2003, asilimia 2.5 huongezwa juu ya bei ya bidhaa na huduma nyingi, na sehemu kubwa ya mfuko hutoka humo. Mkulima wa kakao huchangia kila anunuapo kitu. Mavuno yakiharibika, hununua kidogo na huchangia kidogo. Ada ya mwaka bado ipo, ila si kubwa. Mimi naiona njia hii ni afadhali, ijapokuwa maskini naye hukatwa dukani.

Zamu yetu ikifika, yafaa tudai mchango ukatwe mizanini, karafuu zinapouzwa. Ila mwaka usio na karafuu, nani atamlipia mkulima mgonjwa na watoto wake? Wanachama walijadili hilo matawini kabla uchumaji haujaanza.