Mashini inajua tu mapafu yenye ilionyeshwa

Bandugu, sisi wa ku mine tunazoea: unapita ku radio ya kifua, munganga anaangalia foto, anakuambia uko muzima, unarudi kazini.

Siku hizi kompyuta nayo inasoma foto. Ku Kampala, Rose Nakasi, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, njo kazi anafanya. Yeye na wenzake wanaweka telefone ku jicho la mikroskopi, wanapiga foto ya damu ao ya makohozi. Batu wa labo wanazungushia alama kila kijidudu cha malaria ao cha TB. Kisha kuona foto nyingi sana, programu inavitafuta yenyewe. Matokeo waliyatoa mu 2016.

Na mu 2021 OMS ilikubali programu zisome radio za kifua kwa kutafuta TB, kwa watu wa miaka 15 na zaidi.

Lakini vumbi la mawe linaleta silikosi, na alama zake ku radio zinaweza kufanana na za TB. Afrika Kusini walijaribu programu za namna hii ku radio za wachimbaji wa dhahabu: zingine zilichanganya magonjwa haya mawili.

Njo maana tunaomba: mashini ikifika hapa Lubumbashi, ijaribiwe kwanza ku radio za wachimbaji wa hapa, na munganga aangalie nyuma yake. Na sisi, kila mwaka, tuchunge foto zetu. Mapafu yetu si ya karani.