Kutoka Dhamana hadi Upako: Hatari za Kumwona Mwanasiasa kuwa Mteule wa Mungu, kwa Mifano ya Zambia na Burundi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hatari zinazotokana na mazoea ya kumtaja mwanasiasa kuwa mteule au mpakwa mafuta wa Mungu. Mifano miwili imetumika: Zambia chini ya Frederick Chiluba (1991–2002) na Burundi chini ya Pierre Nkurunziza (2005–2020). Hoja kuu ni kwamba hatari haimo katika imani ya kiongozi, bali katika namna lugha ya uteule inavyouhamisha uwajibikaji kutoka kwa wananchi. Aliyepewa kazi na wananchi anaweza kuondolewa na wananchi. Anayesadikiwa kuwa ametumwa na Mungu hana wa kumwondoa. Makala yanaonyesha pia kwamba maandiko yanayotumiwa kuitetea lugha hiyo yanasema kinyume chake.

Maneno muhimu: uteule, upako, dhamana, uwajibikaji, ukomo wa mihula

1.0 Utangulizi

Katika siasa za Afrika Mashariki na Kati, ni nadra kampeni za uchaguzi kumalizika bila jina la Mungu kutajwa. Wagombea huombewa madhabahuni na misikitini, na washindi hutoa shukrani hadharani. Hayo peke yake si jambo la kushangaza katika jamii ambazo watu wake wengi ni waumini. Suala linaanza pale shukrani inapogeuzwa kuwa hoja, yaani pale kauli kwamba kiongozi anamtegemea Mungu inapopisha kauli kwamba Mungu ndiye aliyemweka, na kwa hiyo binadamu hana la kusema.

Misemo miwili inayosikika sana wakati wa uchaguzi inaidhihirisha tofauti hiyo. Wa kwanza ni “uongozi hutoka kwa Mungu”. Wa pili ni “sauti ya wengi ni sauti ya Mungu”. Kwa juu juu misemo hii inafanana. Hata hivyo, msemo wa pili unauweka utakatifu katika kura, ilhali wa kwanza, unapotumiwa kumkinga mtawala, unauweka katika nafsi ya mtu mmoja. Kura hurudiwa baada ya kipindi maalumu. Mtu aliyekwisha kutakaswa harudishwi kupimwa upya.

2.0 Dhamana na Upako: Namna Mbili za Kuyaeleza Madaraka

Kiswahili kina neno ambalo kwa muda mrefu limebeba dhana ya madaraka yenye mipaka, nalo ni dhamana. Miongoni mwa ahadi za mwana-TANU ilikuwamo ile iliyokitaja cheo kuwa dhamana, na maneno hayo yamebaki kuwa msemo wa kawaida hata kwa wasiojua yalikotoka. Dhamana ni neno la sheria na la biashara. Linadokeza kuwapo kwa mwenye mali, mtu aliyekabidhiwa, masharti ya makabidhiano na siku ya kurudisha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 8, inamtaja mwenye mali huyo kuwa ni wananchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafanya hivyo katika Ibara yake ya kwanza kabisa.

Upako ni dhana ya namna nyingine. Aliyeupokea hakukabidhiwa na watu, hivyo watu hawana masharti ya kumdai wala tarehe ya kumtaka arudishe. Dhana hii inapoingizwa katika siasa, mambo matatu hubadilika. Kwanza, chanzo cha mamlaka huhama kutoka kwenye sanduku la kura, na uchaguzi hugeuka kuwa sherehe ya kuthibitisha jambo lililokwisha kuamuliwa mbinguni. Pili, ukosoaji hubadilishwa jina: kilichokuwa tofauti ya maoni huitwa uasi, na mkosoaji huonekana anapigana na Mungu. Tatu, muda hupoteza maana, kwa kuwa ukomo wa mihula ni sheria ya binadamu, na sheria ya binadamu haiwezi kuwekwa juu ya agizo la Mungu.

Badiliko la tatu ndilo lenye athari kubwa zaidi, kwani linagusa njia pekee ya amani ya kumwondoa mtawala. Kwa sababu hiyo, Zambia na Burundi zinafaa kulinganishwa. Katika nchi zote mbili, rais aliyejitambulisha kwa nguvu kwa imani yake alifika ukomo wa muhula wa pili, na katika kila nchi jaribio la kuendelea lilitokea. Matokeo yalitofautiana.

3.0 Zambia: Agano la Ikulu na Muhula wa Tatu

Chiluba, aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alimshinda Kenneth Kaunda kwa kura nyingi katika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 1991. Kwa wahubiri wengi wa makanisa ya Kipentekoste ushindi huo ulikuwa ukombozi wa kiroho, si wa kisiasa tu. Tarehe 29 Desemba 1991, akiwa Ikulu ya Lusaka, Chiluba alitubu kwa niaba ya taifa, akafanya agano na Mungu na kuitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo. Baraza la Maaskofu Katoliki na Baraza la Kikristo la Zambia hayakushauriwa kabla ya tamko hilo. Mwaka 1996 tamko liliingizwa katika dibaji ya katiba. Marekebisho hayohayo yaliweka sharti kwamba wazazi wa mgombea urais wawe Wazambia, sharti lililomzuia Kaunda kugombea.

Kuwapo kwa mambo hayo mawili katika hati moja kunahitaji kuzingatiwa. Dibaji ilizungumza kwa lugha ya agano. Ibara ilifanya kazi ya kumwondoa mpinzani. Aliyeipinga ibara angeweza kuonyeshwa kuwa anaupinga Ukristo wa taifa, japokuwa yaliyomo katika ibara hayakuwa na uhusiano wowote na Ukristo.

Mwanzoni mwa mwaka 2001, wafuasi wa Chiluba walianza kudai muhula wa tatu ambao katiba haikuuruhusu. Waliosimama mbele kupinga walikuwa pamoja na viongozi wa dini wenyewe. Mabaraza makuu matatu ya makanisa, yaani ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya Kiinjili, yaliungana na Chama cha Wanasheria wa Zambia pamoja na mtandao wa mashirika ya wanawake katika Jukwaa la Oasis. Ndani ya chama tawala pia viongozi waandamizi, akiwamo Makamu wa Rais, walilikataa wazo hilo. Mwezi Mei mwaka huo Chiluba alitangaza kwamba hatagombea.

Yaliyofuata yanaonyesha faida ya mtawala kuondoka kwa wakati. Mwaka 2002 Bunge lilimwondolea Chiluba kinga ya kutoshtakiwa. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya London, katika shauri la madai, iliamua kwamba aliwajibika kwa upotevu wa mali ya umma unaokaribia dola milioni 46 za Marekani. Mwaka 2009 mahakama ya Lusaka ilimwachia huru katika kesi ya jinai. Wasomi wanaweza kutofautiana kuhusu hukumu hizo mbili zinazovutana. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba maswali kuhusu fedha za umma yalipata kuulizwa mahakamani, nayo hayangeulizwa kama aliyefanya agano angebaki Ikulu.

4.0 Burundi: Kutoka Maombi hadi Cheo cha Milele

Nkurunziza alichaguliwa na Bunge mwaka 2005, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa mlokole, na mkewe, Denise Bucumi, alikuwa mchungaji. Rais aliendesha mikutano ya maombi nchini kote, alicheza katika timu ya kandanda iliyoitwa Hallelujah FC, na alieleza kunusurika kwake vitani kuwa ni mkono wa Mungu. Kwa wananchi wengi wa vijijini, waliochoshwa na watawala wa mbali, rais aliyelima na kusali nao alikuwa faraja ya kweli. Asili hii isisahaulike: lugha ya uteule haikuanza kama hila, na nguvu yake ilitokana na matumaini halisi ya watu.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliweka ukomo wa mihula miwili ya urais. Aprili 2015 chama tawala, CNDD-FDD, kilimteua Nkurunziza kugombea kwa mara ya tatu, kwa hoja kwamba muhula wa kwanza haukutokana na kura ya wananchi wote. Maaskofu Katoliki walikuwa wamekwisha kusema kwamba sheria haimruhusu. Mahakama ya Katiba iliidhinisha ugombea huo tarehe 5 Mei, huku makamu wa rais wa mahakama hiyo akiwa amekimbilia Rwanda na kueleza kwamba majaji walishinikizwa. Jaribio la mapinduzi lilishindwa katikati ya mwezi huo. Mamia ya watu waliuawa katika machafuko yaliyofuata, na zaidi ya 400,000 waliikimbia nchi. Wengi wao walipokewa Tanzania, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma.

Mwezi Machi 2018 chama kilimpa Nkurunziza cheo cha “imboneza yamaho”, yaani kiongozi mwelekezaji wa milele. Miezi miwili baadaye kura ya maoni ilirefusha muhula wa urais hadi miaka saba. Hapa lugha na sheria zilienda sambamba: cheo kilipoondoa wazo la mwisho, katiba iliusogeza mwisho wenyewe.

Mwaka 2020 lugha hiyo iligusa uhai wa raia kwa njia nyingine. Korona ilipoenea duniani, msemaji wa serikali alieleza kwamba Mungu ameipendelea Burundi. Mikutano mikubwa ya kampeni iliendelea, na mwezi Mei wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliamriwa kuondoka nchini. Nkurunziza, ambaye hakugombea uchaguzi huo, alifariki tarehe 8 Juni 2020. Serikali ilitaja mshtuko wa moyo. Cheo cha milele kilikuwa kimedumu kwa miaka miwili na miezi mitatu. Novemba 2021, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba muhula wa tatu ulikiuka Mkataba wa Arusha. Hukumu hiyo haikumwondoa mtu madarakani wala kumrudisha mkimbizi nyumbani.

5.0 Maandiko Yanasema Nini?

Watetezi wa lugha ya uteule hurejelea mara kwa mara aya ya Zaburi ya 105 inayokataza kuguswa kwa masihi wa Mungu. Muktadha wa aya hiyo unaigeuza hoja yao. Wanaokingwa hapo ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakiwa wageni wachache wasio na nchi, na wanaokemewa kwa ajili yao ni wafalme. Aya iliyotungwa kumlinda mkimbizi dhidi ya mtawala inatumiwa kumlinda mtawala dhidi ya wale anaowafanya wakimbizi.

Kisa cha Daudi na Sauli nacho hutajwa. Ni kweli kwamba Daudi alikataa kumuua Sauli kwa kuwa alipakwa mafuta; lakini katika sura hiyohiyo, ya 24 ya Samweli wa Kwanza, alimwita mbele ya watu na kumweleza dhuluma yake. Kutomuua mtawala hakukuwa kunyamaza. Samweli mwenyewe, aliyewapaka mafuta wote wawili, alisimama mbele ya umma katika sura ya 12 na kuwataka wataje kama aliwahi kumnyang’anya mtu ng’ombe au kupokea rushwa. Ikiwa mpakaji alijitoa akaguliwe, mpakwa hana hoja ya kukataa.

Mapokeo ya Kiislamu yana mwelekeo huohuo. Inasimuliwa kwamba Abubakar, khalifa wa kwanza, katika hotuba yake ya kushika madaraka aliwaomba watu wamsaidie akitenda vyema na wamnyooshe akipotoka.

6.0 Pingamizi na Mipaka ya Hoja

Inaweza kudaiwa kwamba kiongozi anayeamini ameitwa na Mungu atakuwa mwadilifu zaidi, kwa kuwa anaogopa hukumu ya juu kuliko ya mahakama. Pingamizi hili lina uzito, nalo linadai tofauti kati ya wito na upako ielezwe. Wito ni jambo la dhamiri: humdai kiongozi mwenyewe, humwongezea mzigo, na huacha haki za wengine kama zilivyo. Upako wa kisiasa humpunguzia mzigo na kuwadai wengine wanyamaze. Kipimo ni kuuliza nani anabanwa na kauli inayotolewa. Ikiwa jina la Mungu linambana mtawala, ni wito. Ikiwa linawabana raia, ni silaha.

7.0 Hitimisho

Makanisa yalipinga muhula wa tatu Lusaka na Bujumbura vilevile. Kilichotofautiana ni kwamba Zambia sauti hiyo iliungwa mkono na wanasheria, wanawake na sehemu ya chama tawala, wakati Burundi mahakama na chama vilimfuata mtawala. Kwa hiyo kinga dhidi ya lugha ya uteule haipatikani kwa kuiondoa dini katika maisha ya umma, wala kwa kuitegemea dini peke yake. Inapatikana pale taasisi zinapokitendea cheo kama dhamana yenye siku ya kurudishwa, na pale viongozi wa dini wanapokataa kumpa mgombea yeyote kile ambacho Samweli hakujipa mwenyewe: haki ya kutoulizwa.